Leo Saa Nane, Mawe

Kazi niliyoipenda pale shuleni Naro Moru ilikuwa ya kupima hali ya hewa, kwa sababu haikuhitaji kuongea. Nilikuwa kidato cha pili, na muhula mzima nilikula githeri bila chumvi kwa kuogopa kuomba nipitishiwe. Kipimamvua hakiulizi mtu kitu.

Mwalimu wa jiografia alikuwa ametufundisha kubashiri kitakachoanguka. Theluji, alisema, hubaki juu mlimani. Ikishuka kwetu hukutana na hewa ya joto, ikafika ikiwa mvua. Lakini siku ya joto kali, wingu likipanda kama mnara, matone hurushwa juu humo ndani, yakaganda, yakarushwa tena, yakijivika barafu ngozi juu ya ngozi kama kitunguu, mpaka wingu lishindwe kuyabeba.

Alhamisi moja, mapumziko ya saa nne, nikaliona wingu hilo, tumbo lake jeusi lenye ukijani. Nikakimbilia ubao wangu wa vipimo nje ya ofisi. Chaki iliyobaki ilikuwa kama punje ya mahindi, kwa hiyo nikafupisha: LEO SAA NANE, MAWE. KILA MTU AJITAYARISHE.

Nilimaanisha mvua ya mawe. Nguo zilikuwa zimeanikwa.

Kabla ya saa tano mpishi alikuwa amejifungia jikoni na sufuria zake. Wasichana wa kidato cha nne, wakijua mgomo wa kurusha mawe maana yake ni kurudishwa nyumbani, walifunga masanduku. Mmoja akavaa kabisa viatu vya kanisani. Mimi nilikuwa nimesimamishwa mbele ya mkuu wa shule.

"Ati huyu ndiye kiongozi wa mgomo?" naibu wake akashangaa. "Huyu hata akiitwa jina asubuhi hasikikangi!"

"Ni... ni ya kutoka juu, mwalimu," nikanong'ona.

"Umesikia? Ametumwa na wakubwa!"

Mkuu akatazama saa yake. "Tungoje. Mawe yasipoanguka, utaenda Timau ukamlete baba yako."

Baba alikuwa ametangazia kanisa zima kwamba binti yake yuko sekondari.

"Na yakianguka?" akauliza naibu.

"Itategemea yametoka wapi."

Saa nane ikafika na jua lake. Robo saa baadaye ikaja mvua, maji matupu. Naibu akatabasamu. Kisha, ko! juu ya mabati. Akaruka nje akipiga kelele, "Nani huyo anarusha?" Akarudi ameshika upara.

Nilisali yazidi, Mungu anisamehe, nayo yakazidi. Yalimaliza kabichi zote za mkuu. Yeye akaokota jiwe moja, akalikata kwa kisu cha kuchongea penseli, akazitazama ngozi zake.

"Rudi darasani," akaniambia. "Na siku nyingine andika 'mvua ya'."

Yule wa viatu vya kanisani alifungua sanduku lake akilia. Hakunisemesha mpaka shule ilipofungwa. Kusema kweli, hiyo ilinifaa.