Mstari wa Stima Nilioufuta

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa futi ya kupimia ya chuma, ya mita thelathini, faili la kahawia lililofungwa kwa uzi, na gambuti za mwanamume aliyenitangulia. Miguu yake ilikuwa mikubwa kuliko yangu, kwa hiyo nilijaza magazeti vidoleni. Meneja wa Mali hakuniambia mtu huyo alikwenda wapi, nami sikuthubutu kuuliza. Nilikuwa nimefiwa na mume mwaka uliotangulia, watoto watatu wako shule, na nilikuwa nimepanda na kushuka ngazi za ofisi za katikati ya jiji hadi walinzi wa milangoni wakanizoea.

Cheo changu kilikuwa mkadiriaji wa matengenezo. Ninyi mnaoanza kazi hii leo mnafanya kila kitu kwa kompyuta, lakini wakati ule, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mkadiriaji alikwenda kwa miguu. Aliangalia kilichoharibika, akakipima, akakiandikia mstari wake, akaweka bei mbele ya mstari. Makadirio yakipita, mafundi waliitwa. Yasipopita, kitu kiliendelea kuharibika, na jina la mkadiriaji lilibaki ndani ya faili.

Ofisi yetu ilisimamia mali za watu. Tulikuwa na magorofa ya Kilimani, majumba kadhaa ya Lavington, na kambi moja pale Kinoo ambayo haikufanana na mali nyingine yoyote. Zilikuwa nyumba za chuma, ndefu na nyembamba, zenye magurudumu chini. Mkandarasi mmoja wa barabara alikuwa akizitumia kulaza wafanyakazi wake. Alipomaliza kazi, mwenye shamba alizinunua, akazipanga kwa safu nne kwenye mteremko, akazitegemeza juu ya mawe na kuanza kuzipangisha. Wapangaji walikuwa makarani, wapishi na walinzi wa Lavington, mafundi cherehani, wastaafu wachache. Walipanda sukuma wiki kando ya magurudumu na kuweka mapazia madirishani.

Shida ya nyumba yenye magurudumu ni kwamba kila kitu huunganishwa nayo kana kwamba itaondoka kesho. Bomba la maji lilitambaa juu ya ardhi. Bomba la choo lilifungwa kwa vipande vya mpira wa tairi. Waya wa stima uliruka kutoka paa hadi paa. Nyumba hazikuondoka, miaka ikapita, na vile viungo vya muda vikazeeka mahali pale pale.

"Madam," Meneja wa Mali aliniambia siku hiyo ya kwanza, bila kuinua macho, "watu wa Kinoo wanalalamika kila siku. Usiniletee malalamiko. Niletee mistari na bei."

Nilianza ukaguzi kutoka safu ya chini, kwa sababu maji yanayovuja juu ya mteremko huishia chini, na chini ndiko utakakojua ukubwa wa tatizo. Niliandika kwa penseli, maana wino huyeyuka mvuani. Tena sikuishia nje. Niliingia ndani, nikaketi, nikauliza. Mpangaji anajua nyumba yake kuliko ramani yoyote.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya nesi mstaafu ambaye kambi nzima ilimwita Sista Nyambura. Aliishi peke yake na alishona vitambaa vya meza kwa mkono. Nilipofika kulikuwa na manyunyu.

"Ngoja nikufungulie," akasema kutoka ndani. "Usishike mlango."

"Kwa nini, Sista?"

"Hii nyumba inauma."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinionyesha komeo la mlango, alilokuwa amelizungushia mpira wa baiskeli. "Ikinyesha ndio mbaya. Jua likiwaka inatulia."

Nilitaka kuandika nilichokiona mwenyewe, si nilichosikia, basi nikagusa ukuta kwa ncha ya kidole. Kitu kama sisimizi kilinipanda hadi kiwiko. Nilirudisha mkono haraka, na tangu dakika ile mpaka nilipomaliza kazi ya kambi ile, hofu haikunitoka kifuani.

Niliita Fundi Otieno, fundi wa stima wa ofisi, mtu mpole aliyetembea na kipimo chake cha stima shingoni, akipiga mluzi. Alizunguka safu ya chini yote, akainama chini ya kila nyumba. Aliporudi alikuwa ameacha kupiga mluzi.

"Madam, nyumba ya chuma lazima ifungwe waya wa ardhi," akanieleza. "Ile waya inaenda mpaka kwa nondo ya shaba imepigwa chini kwa udongo. Stima ikitoroka, inapita huko, na swichi ya usalama inakata yenyewe. Hapa swichi hakuna. Nondo nayo, kuna mtu aling'oa akauza shaba."

"Kwa nyumba ngapi?"

"Safu hii yote. Sijapata hata moja iko sawa."

"Sasa stima ikitoroka inaenda wapi?"

Akaniangalia kidogo. "Inangoja mtu."

Makadirio yangu ya kwanza yalikuwa na mistari sita. Wa kwanza ulikuwa stima: nondo mpya, waya wa ardhi, na swichi ya usalama kwa kila nyumba. Halafu mabomba ya choo, mabomba ya maji, mitaro na barabara ya ndani. Mwisho niliweka akiba ya dharura, yaani fungu la kushughulikia yale ambayo hukuyaona mpaka ulipochimba. Niliupigia mstari wa kwanza mistari miwili chini yake ili uonekane.

Meneja alisoma akiwa na kalamu nyekundu. "Mwenye mali anataka wapangaji wapya," akasema. "Ametoa pesa ya barabara, mitaro, rangi na geti. Hii ya stima itangoja mwaka ujao."

"Bwana Meneja, kuta zina stima."

"Kuna mtu amekufa?"

"Hapana."

"Basi ni mwaka ujao. Chapa upya, utie sahihi, uniletee kabla ya saa kumi." Nilipofika mlangoni akaongeza kwa sauti ya chini, "Aliyekuwa kwa hiyo kiti yako pia alipenda kubishana."

Ningeweza kukataa. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini nilirudi mezani, nikaona karo za shule, nikaona zile ngazi za ofisi nilizopanda. Nikachapa upya. Kuufuta mstari ule kulichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai. Nikatia sahihi.

Kisha nikaanza kuogopa mawingu. Ningekuwa Kilimani nikipima dari inayovuja, nikaona mbingu imejaa mawingu meusi upande wa Kinoo, nikaacha kupima. Nilimpigia msimamizi wa kambi, Bwana Mbugua, kila siku. "Watu wako salama?" Naye akijibu wako salama, nilipumua mpaka wingu lingine. Simu ya mezani ikilia nilishtuka. Nyumbani niligusa bomba langu mwenyewe kwa wasiwasi, nalo lilikuwa la plastiki.

Nilifanya vitu vidogo. Nilimpelekea Sista ubao mkavu wa kukanyaga mlangoni, stima isimpite miguuni. Niliwaambia akina mama wasianike nguo kwenye kuta. Lakini sikumwambia mtu yeyote kwamba mstari umefutwa. Waliponiuliza, niliwajibu kwamba mafundi wanakuja. Walikuwa wanakuja kweli, kuchimba mitaro na kusimamisha geti.

Mvua ya masika ilishuka kwa nguvu siku moja baada ya chakula cha mchana. Simu ililia. Kabla sijaishika nilijua.

"Madam," Mbugua alikuwa akihema, "Sista ameshikwa na nyumba."

Pikapu ya ofisi ilitufikisha mimi na Fundi Otieno. Tulimkuta Sista amelazwa juu ya godoro kwenye kibaraza cha mbao cha jirani. Alikuwa akiingia ndani na ndoo ya maji, akateleza, akaukosa ubao wangu, mkono wa kulia ukashika fremu ya mlango na haukuweza kuachia. Jirani, fundi cherehani, alimsukuma kwa kiti cha mbao. Alikuwa hai. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja, na kwenye kiganja kulikuwa na doa jeusi. Alinitambua.

"Madam," akasema taratibu, "ile stima mlisema inatengenezwa, imefika wapi?"

Walimpakia kwenye pikapu ile ile, wakampeleka hospitali.

Nilibaki nimesimama kwenye matope. Halafu nikaona watoto wa shule wakiteremka njia ya kambi, soksi zimelowa, kila mmoja akielekea mlango wa kwao.

"Msishike milango!" nikapiga kelele. "Simameni hapo hapo!" Wakasimama. Nikamgeukia fundi. "Zima kambi yote."

"Yote? Meneja amesema?"

"Mimi nimesema. Na fyuzi kubwa uzitoe."

Alikimbia hadi kwenye bodi kuu ya stima, nami nyuma yake, akazima, akazitoa fyuzi tatu na kunipa. Nikazitia kwenye mkoba wangu, kwa sababu nilijua zikibaki na Mbugua wapangaji watamlazimisha azirudishe.

Watu walitoka. Yule fundi cherehani, ambaye alikuwa ametoka tu kumwokoa jirani yake, alikuwa wa kwanza kuniuliza. "Madam, mimi nakula kwa hiyo mashini. Utarudisha lini?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Mbona mnatuadhibu sisi?"

Sauti zikapanda. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa bodi. Nilidhani watanipiga, na sehemu moja ya moyo wangu iliona ingekuwa haki.

"Kuta zenu zina stima," nikasema. "Nyumba zote za safu hii, na labda za juu pia. Nilijua tangu nilipokuja kupima. Niliandika, halafu nikaambiwa nifute, nikafuta."

Mvua ilipiga mapaa ya chuma. Mama mmoja alikwenda akamwinua mtoto wake aliyekuwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba, ingawa stima ilikuwa imeshazimwa, akamshikilia kifuani akiniangalia.

Kesho yake asubuhi niliitwa kwa Mkurugenzi. Alikuwa mzee wa maneno machache, na wengi wetu tulikuwa tunamwona kwenye lifti tu. Meneja wa Mali alikuwa tayari ameketi.

"Amewazimia watu stima bila ruhusa," Meneja akasema. "Na fyuzi amebeba kwa mkoba."

Mkurugenzi akanyoosha mkono. "Zilete."

"Samahani, Mkurugenzi," nikasema, nikaketi bila kuambiwa. "Sitazitoa mpaka nondo zipigwe."

Nilitegemea kufukuzwa papo hapo. Badala yake aliagiza faili la Kinoo. Nikampa pia nakala ya makadirio ya kwanza, niliyokuwa nimeihifadhi ndani ya daftari langu la penseli. Alizilaza karatasi mbili sambamba, akasoma mstari kwa mstari.

"Hii ya pili, sahihi ni ya nani?"

"Yangu."

"Ya Meneja iko wapi?"

Nikainama kutazama. Mahali pa sahihi ya Meneja palikuwa peupe. Alikuwa ameyapitisha makadirio kwa mdomo tu. Kama Sista angekufa, karatasi ingesema mimi peke yangu ndiye niliyeamua. Hofu niliyoipata pale, nikiwa kwenye kiti kikavu ndani ya ofisi, ilizidi ya matopeni.

Meneja alianza kueleza. Mkurugenzi alimzuia kwa kiganja, akainua simu, akampigia mwenye mali. Geti likaahirishwa. Wiki hiyo hiyo Fundi Otieno na wenzake walianza kupiga nondo, nyumba baada ya nyumba, na waligundua kwamba hata safu za juu hazikuwa na usalama wowote. Wapangaji walikaa na taa za mafuta mpaka kazi ilipokwisha, na wengi hawakunisalimia. Siku ya kuwasha, nilirudisha fyuzi mwenyewe, kisha nikagusa kuta za kambi nzima, moja moja, kwa kidole kile kile.

Nilipewa barua ya onyo kwa kuzima bila ruhusa. Meneja alibaki kitini mwake hadi alipohamia kampuni nyingine. Baada yake nilifanya kazi chini ya mameneja wengine wawili, mmoja mkali na mmoja mzuri, na sikuwahi tena kupeleka karatasi yenye nafasi ya sahihi iliyo wazi. Nilisimama mlangoni mpaka iandikwe. Wengine waliniita mkaidi. Ukweli ni kwamba nilikuwa mwoga, na woga huo ulinifundisha kazi.

Vijana huniuliza siri ya makadirio mazuri. Nawaambia waweke nakala zao wenyewe, waanze na kinachoweza kuua kabla ya kinachoonekana barabarani, na wasimfiche mpangaji hali ya nyumba anamolala. Mambo mengine yote watajifunza kwa miguu.

Wiki niliyostaafu nilimtafuta Sista Nyambura. Alikuwa amehamia nyumba ya mawe huko huko Kinoo, na binti yake. Vidole vyake vya kulia havikunyooka tena, wala hakurudi kushona. Nilimweleza yote, na mstari, na kalamu nyekundu, na karo.

"Hayo nilisikia siku ile ile," akasema. "Watu wa kambi waliniambia hospitalini. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

"Umechoka kungoja?"

"Nilichoka zamani." Alinisogezea sinia la njegere kwa mkono wa kushoto. "Hii siwezi kumenya peke yangu. Kaa chini."

Siku hizi naenda kwake kila Alhamisi. Mimi humenya, yeye hunisimulia habari za wodini enzi za unesi wake. Mvua ikianza kugonga paa, sote wawili huutazama mlango mpaka ipite.