Mwanafunzi Bora Niliyemtengeneza

Nilipoajiriwa na chuo kikuu kimoja cha binafsi Kampala kujenga ghala la data, mama mwenye nyumba wangu kule Bukoto aliniuliza kama tungehifadhi mahindi au maharagwe. Nilicheka kisomi. Nikamweleza kwamba ghala langu halina mlango wala panya. Ni kompyuta inayokusanya habari za masjala, maktaba na zahanati mahali pamoja, ili wakubwa wa chuo waamue mambo kwa kutazama michoro badala ya kubahatisha. Alinisikiliza hadi mwisho, akanipa pole.

Shida ni kwamba kila ofisi ilikuwa na namba zake za wanafunzi, na hazikuoana. Yakabaki majina, na majina Kampala ni mtihani: karani huyu anaandika kwa l, yule kwa r, na kila mmoja ameandika alivyosikia. Mimi, Mkenya niliyejiona nimekuja kuwafundisha watu kazi, nikabuni kanuni. Majina yakitofautiana herufi moja, na tarehe ya kuzaliwa na makazi yakiwa sawa, huyo ni mtu mmoja. Nilijipongeza kwa kujinunulia kuku mzima.

Siku ya kuonyesha kazi mbele ya kamati, nilivaa tai. Kwenye ukuta nikamulika mchoro wa mwanafunzi aliyewazidi wote kwa bidii: msichana wa mtaa wa Katwe aliyesoma uuguzi na uhasibu kwa pamoja, akihudhuria vipindi vingi kuliko mtu yeyote.

Mkuu wa kitivo cha uuguzi aliinua mkono. "Lakini vipindi vya kozi hizi mbili huwa saa ile ile."

"Data haidanganyi, mheshimiwa," nikamjibu. "Pengine ana mbio."

Mkuu wa chuo alipendezwa mno. "Aitwe Ijumaa, tumpongeze hapa hapa."

Ijumaa mlango ulifunguliwa, wakaingia wasichana wawili wenye sura moja, mmoja amevaa sare nyeupe ya wauguzi. Nilielewa kabla hawajaketi. Nilitamani tai ile ininyonge.

"Yupi kati yenu tuliyemwita?" akauliza mkuu wa chuo.

"Hatujui, Papa," akasema wa sare, kwa Kiswahili cha Kongo walikotoka wazazi wao. "Simu ilisema anayesoma uuguzi na uhasibu. Tukaona tuje wote."

Yule wa uhasibu akanigeukia. "Ndiyo sababu maktaba walininyima kitabu? Walisema orodha mpya inaonyesha nimeshaazima idadi yangu yote."

Orodha mpya ilikuwa yangu. Mkuu wa chuo alicheka hadi akavua miwani, na yule wa kitivo cha uuguzi akaniuliza kwa upole kama mbio zile nilizipima mwenyewe. Kamati nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka, maana kulia kazini ni aibu.

Niliwasindikiza hadi getini nikiomba radhi njia nzima. Wa sare alikuwa anatabasamu, lakini mwenzake hakutabasamu.

"Nyumbani tunaitwa kwa jina moja," akasema. "Shuleni tulipewa dawati moja. Tulichagua kozi tofauti ili tupumzike. Halafu wewe ukatuunganisha tena."

Nikawafungulia geti.

Wiki zilizofuata nilizunguka ofisi moja baada ya nyingine, nikiwaomba makarani wanisaidie kutenganisha watu niliowabandika pamoja. Walinisaidia, ila kila nilipoingia waliulizana kwa sauti kama nimekuja peke yangu au na pacha wangu. Mwishowe tukakubaliana kila mwanafunzi awe na namba moja chuo kizima, jambo ambalo mtu mwenye akili angeanza nalo.

Mwanafunzi wangu bora naye akatoweka. Wa uuguzi alikuwa wa wastani. Wa uhasibu alikosa vipindi vingi, na hesabu zilimshinda. Alikuja ofisini kutazama rekodi yake, nikamgeuzia kompyuta nikiwa nimeandaa maneno ya faraja.

Alisoma alama zake mbovu polepole, akaanza kutabasamu.

"Hizi ni zangu peke yangu?"

"Zako peke yako."

"Nichapie nakala," akasema.