Bwana Tulia na Kompyuta Iliyowekwa Kwenye Friji

Mpiga picha huyo watu walimwita Tulia, kwa sababu neno hilo alilitamka mara nyingi kuliko jina la mkewe. "Tulia hapo hapo. Kidevu juu. Tulia." Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe, mlango umeelekea barabarani. Ndani mlikuwa na kigoda cha kuzunguka, taa mbili za miguu mirefu, na kompyuta iliyokaa mezani kama mgonjwa anayesubiri kugeuzwa ubavu.

Kompyuta ile ilikuwa nzito. Si nzito ya kubeba, nzito ya kuitikia. Tulia akibofya picha ifunguke, kiduara kilitokea katikati ya kioo kikaanza kuzunguka, naye akainuka kwenda kuosha vyombo. Akirudi, picha imefika nusu: paji la uso na macho, mdomo bado uko njiani. Akiongeza mwanga, alipata nafasi ya kuanika nguo. Siku moja alijaribu kuondoa chunusi shavuni kwa mteja, akapaka rangi ukuta mzima wa uani, na aliporudi alikuta chunusi imehamia puani.

Mkewe alikuwa msusi, na hakuwahi kulalamika. Kila asubuhi, akishaweka vitana vyake mkobani kwenda saluni, aliuliza jambo moja tu.

"Leo unafanya nini kwenye kompyuta, Baba Pacha?"

"Nageuza picha za mahafali ziwe nyeusi na nyeupe."

"Zote?"

"Zote, Mama Pacha."

"Haya. Basi magodoro yatoke juani."

Majirani walimsifu kwa kumpata mume wa namna ile. Alipokea sifa hizo kimya kimya, wala hakuona haja ya kueleza chanzo.

Ukweli ni kwamba Tulia hakuwa na tabia ya kufuta picha. Zamani aliwahi kufuta moja, ya mzee aliyenaswa akipiga miayo, na wanawe wakaja kuiulizia. Walisema zile nyingine zote, zenye tabasamu, si baba yao. Baba yao ni yule wa miayo. Mzee mwenyewe alikuwa hai kabisa, amesimama nyuma yao, na alikubaliana nao. Jambo hilo lilimkaa Tulia moyoni. Tangu hapo alihifadhi kila kitu: waliofumba macho, waliogeuka, sakafu, kidole gumba chake mwenyewe. Harusi, mahafali, vitambulisho, watoto wachanga na mbuzi wa maonyesho, vyote alivisukumiza ndani ya katalogi moja, yaani orodha kuu, ya programu yake ya kuhariri picha, na kila mwaka alivyozidi kusukumiza, ndivyo kiduara kilivyozidi kuzunguka.

Kisha ikaja harusi moja iliyomkalisha vibaya. Maharusi wenyewe hawakuwa na shida. Walikuwa wameshughulika wao kwa wao. Shida ilikuwa shangazi wa bibi harusi. Aliingia studio na kikapu chake, akakalia kigoda cha kuzunguka, akakunja mikono.

"Picha ziko wapi?"

"Zinafunguka, shangazi."

"Tangu lini?"

Tulia akakuna kisogo. "Tangu harusi."

"Sikiliza mwanangu. Bibi harusi sasa ana tumbo. Unataka mtoto azaliwe akute picha za harusi ya wazazi wake bado zinafunguka? Mimi hapa sitoki."

Na kweli hakutoka. Alikuja kila siku kama mwajiriwa, akafuma kitambaa chake pale kigodani, na kila alipovuta uzi kigoda kilimzungusha kidogo, hata ikawa unapoongea naye huna uhakika utajibiwa na uso au na mgongo. Aliitazama kompyuta kwa muda mrefu, halafu akatoa uamuzi.

"Imevimbiwa hiyo. Umeilisha mno."

Kaka yake Mama Pacha, ambaye alikuwa fundi friji, hakuafiki. "Shemeji," alimwambia Tulia, "mimi nimefungua mashine maisha yangu yote. Hakuna ugonjwa wa mashine isipokuwa joto." Mchana huo huo alileta friji kuukuu juu ya mkokoteni, akatoa rafu zote, akaitia kompyuta ndani, na nyaya akazipitisha kwenye ufa wa mlango.

Ilipowashwa, wote walisogea. Joto lilikwisha, hilo hakuna aliyelipinga. Lakini kiduara kilizunguka vilevile, tofauti ni kwamba sasa kilizunguka kwenye baridi. Tulia akitaka kuona picha ilimbidi afungue mlango, na akifungua mlango taa ya friji iliwaka ikammulika usoni, asione chochote. Shangazi alivaa sweta. Jirani mmoja alipita, akaona friji inafanya kazi, akaomba aweke maziwa yake. Kabla Tulia hajapata jibu, maziwa yalikuwa yameshakaa juu ya kompyuta.

"Ipe siku mbili ipoe mpaka ndani," shemeji alisema.

Hapo maji yakamfika Tulia shingoni, akaenda kumwita fundi wa kompyuta. Alikuwa mama mmoja mkavu wa maneno, miwani kaipandisha juu ya paji la uso. Aliingia, akatazama huku na huku.

"Kompyuta iko wapi?"

Wakamwonyesha. Akafungua friji, akaangalia maziwa, akawageukia. Wote walimtazama shemeji. Shemeji alitazama dari.

Kompyuta ilirudishwa mezani ikafutwa maji. Fundi akaushika waya mmoja uliotoka nyuma yake, akaanza kuufuata. Waya ulipenya tundu la ukutani, ukapita chini ya kitanda cha watu wazima, ukapanda kabatini, na huko mwisho ilikutwa diski ya nje imeviringishwa shali kwa kuogopa wezi.

"Picha ziko huku?"

"Picha na katalogi yenyewe, vyote," alisema Tulia.

"Kwa hiyo kila unapobofya, inakwenda chumbani kuuliza, inarudi. Tena kwa waya wa zamani, mwembamba kama huu."

"Masikini, inatembea sana," alisema shangazi.

Lakini fundi hakuridhika. Hata pasipo kubofya kitu, programu ilikuwa inahangaika na jambo fulani peke yake. Akafungua ukurasa mmoja wa pembeni ambao Tulia hakuwahi kuugusa, umeandikwa "Watu". Kumbe miaka yote hiyo programu ilikuwa inatafuta nyuso katika kila picha, inajaribu kujua nani ni nani. Na uso ulioongoza kwa kupigwa picha haukuwa wa mteja yeyote. Ulikuwa wa mwanamke mwenye gauni la manjano, shingo imenyooka, asiyepepesa. Chini yake paliandikwa: *Je, huyu ni nani?*

Shangazi alishuka kigodani kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Huyo namfahamu! Ni ile sanamu ya duka la nguo!"

Wakageuka wote dirishani. Ng'ambo ya barabara, sanamu ya kuvalishia nguo iliwatazama. Tulia alipenda kuwakalisha wateja wake kando ya dirisha kwa ajili ya mwanga, na sanamu ikaingia nyuma ya kila bega. Mwenye duka alipoibadilisha wigi, programu ilidhani ni mtu mwingine, ikaanza upya. Shemeji naye programu ilimchanganya na mwalimu mkuu wa picha za mahafali. Chini zaidi ilikuwa inauliza habari za saa ya ukutani, mbuzi, na soketi ya umeme.

*Je, huyu ni nani?*

"Hiyo andika soketi," alisema shangazi, akimaanisha kabisa.

"Hatuandiki kitu, mama. Tunazima," alisema fundi, akazima utafutaji wa nyuso. Kisha akaihamisha katalogi kwenye diski ya ndani ya kompyuta, picha akaziacha kwenye ile ya nje, ambayo sasa aliiweka mezani kwa waya mpya mfupi. Akaigawa katalogi kwa miaka, na akaiagiza programu iandae vijipicha vyake mapema, si mpaka mtu abofye.

"Na kufuta?" Tulia aliuliza. "Nitafuta ngapi?"

"Usifute. Picha nyingi si tatizo. Tatizo ni kuzirundika pamoja halafu kumtuma mtu azitambue zote, pamoja na soketi."

Tulia akashusha pumzi. Akabofya picha ya bibi harusi, akasimama, akaelekea jikoni.

"Unakwenda wapi?" fundi akamwita. "Imeshafunguka."

Albamu ilikamilika kabla mtoto hajazaliwa. Siku ile ya matengenezo, Mama Pacha aliporudi kutoka saluni akakuta vyombo vichafu na mume anatabasamu, alimsindikiza fundi hadi nje na kumuuliza kwa sauti ya chini kama haiwezekani kompyuta irudie hali ile kidogo, Jumamosi tu. Fundi alicheka mpaka miwani ikadondoka kutoka kwenye paji la uso, ikakaa mahali pake machoni.

Shangazi naye, kwa kuwa kigoda alishakizoea, akaomba apigwe picha yake mwenyewe. Tulia akampiga, akaongeza mwanga, akakata pembeni, akachapa, akampa. Shangazi hakuipokea.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, shangazi. Kompyuta imepona."

"Uso huu umenichukua umri mzima kuufikisha hapa, wewe unaumaliza wakati hata sijashuka? Hujaufanyia kazi. Rudi nayo."

Tulia akaichukua picha, akaenda nayo chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda akisikiliza redio ya jirani mpaka taarifa ya habari ikaisha. Akarudi, akampa ile ile.

Shangazi aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, uso ukamng'aa. "Eeeh!" alisema, akamwonyesha shemeji. "Unaona tofauti?"

Shemeji aliikazia macho, akakubali kwamba ipo, hasa upande wa kidevu.