Kliniki Ambayo Hatukusalimiana kwa Mkono

Siku yangu ya kwanza kazini niliumiza mgonjwa kwa heshima zangu. Nilisimama mlangoni pa kliniki ya viungo kule Kitale, nimevaa koti jeupe linalonizidi, na mgonjwa wa kwanza alipofika nikamnyooshea mkono vile mama alivyonilea. Alikuwa Kukhu Nasimiyu, na kukhu kwetu ni nyanya. Alinipa mkono wake kwa sababu hakutaka kuniaibisha. Nikaushika vizuri. Alifunga macho, na machozi yakatoka.

Sista Mkuu alinivuta kando. "Kijana, hapa hatusalimii kwa mkono. Hapa ni mdomo tu."

"Pole, Sista."

"Pole ya nini kwangu? Mwambie Kukhu."

Kukhu mwenyewe alikuwa ameshaanza kucheka. "Mwache, bana. Si ana nguvu? Akuje kwangu Endebess anikamulie ng'ombe."

Alitania, lakini hiyo ndiyo ilikuwa shida yake yote. Ng'ombe wake, Maua, akiguswa na mtu mwingine anapiga ndoo teke, na vidole vya Kukhu vilikuwa vimevimba hata havikunjiki.

Nawaandikia ninyi mnaoingia kazi hii ya usaidizi wa kliniki. Mimi nimestaafu. Najua mtacheka, maana thelathini sijafika, lakini mkataba umeisha na koti nimelirudisha, na mtu aliyerudisha koti ni mstaafu.

Masomo yangu yaliishia kidato cha nne, na gredi sitaitaja. Kazi yangu ilikuwa kupima uzito, kupasha maji ya kuloweka mikono, na kupima nguvu ya kiganja. Kifaa cha kupima kiganja hatukuwa nacho. Tulikunja kile kitambaa cha mashine ya presha, tukakijaza hewa kidogo, mgonjwa akakifinya, mshale ukapanda. Kwa Kukhu mshale ulitikisika kidogo tu, kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini.

Ugonjwa wake ni baridi yabisi, na dawa yake ilikuwa tembe ndogo za njano, methotreksati. Nilimuuliza Daktari wa Viungo zinafanyaje kazi. Alikuwa mtu wa kupenda maswali.

"Ukijikata, si panavimba?" akaniuliza. "Ni chembe nyeupe za damu zimekuja kupigana. Ni vizuri. Lakini kwa baridi yabisi zinakataa kwenda nyumbani, zinaanza kuvunja viungo vya mwenye mwili."

"Sasa ni nani huziambia zitoke?"

"Mwili wenyewe. Mahali palipoumia panatoa kitu kinaitwa adenosini. Kwenye chembe nyeupe kuna vipokezi. Sema ni masikio. Adenosini ikitua kwenye masikio yale ya kutuliza, chembe inapoa, uvimbe unashuka, nyama haiharibiki zaidi."

"Ni kama mwenye boma ametoka nje," nikasema, "anaambia majirani waliokuja na rungu: asanteni, mwizi ameenda, msinivunjie sahani."

Daktari akacheka. "Hiyo nitakuibia. Basi tembe hizi, kwa kipimo kidogo, zinasaidia huyo mwenye boma kupaza sauti. Tunaamini hiyo ni sehemu kubwa ya kazi yake."

Kipimo kidogo. Shikeni hapo. Tembe hizo humezwa siku moja tu kwa wiki. Zikizidi, mifupa inashindwa kutengeneza damu. Wengi wa wagonjwa wetu hawakusoma maandishi ya pakiti, kwa hivyo desturi ya kliniki ilikuwa kumuuliza kila mtu: wiki yako ina siku gani huwezi kusahau? Mmoja alichagua siku ya kupeleka ng'ombe josho. Kukhu akasema, "Soko. Soko siwezi sahau hata nikizimia." Soko la kwao lilikuwa mara moja kwa wiki. Daktari akakubali, Sista akakubali, na mshale ukaanza kupanda. Msimu wa mahindi ulipoisha, Kukhu alikuwa anamkamua Maua mwenyewe.

Halafu nikahamishiwa Bungoma, chini ya Ofisa wa Kliniki, mama mkali mwenye moyo laini. Kukhu naye alihamishwa na kijana wake, yeye na Maua, wakaenda kuishi upande wa Malakisi, huko huko Bungoma.

Asubuhi moja tuliletewa mgonjwa ameshikiliwa kwapani pande zote mbili. Midomo ilikuwa vidonda vitupu, mikono ina madoa meusi kama amepigwa. Sikumjua mpaka aliponisalimu kikwetu, "Mulembe, mwenye nguvu."

Ofisa akainama karibu naye. "Mama, hizi tembe unameza lini?"

"Siku ya soko. Sijakosa hata soko moja." Alisema hivyo kwa fahari, na kila neno lilimuuma mdomoni.

Ofisa ni mzaliwa wa upande huo. Niliona uso wake ukibadilika. "Soko la huko si ni Jumatatu na Alhamisi?"

"Ndio. Zote naenda."

Tembe zilisimamishwa papo hapo, damu ikatolewa, sindano ya kuvunja makali ya dawa ikaanza. Majibu ya maabara yalionyesha damu imeshuka vibaya. Kila nilipopata nafasi nilikaa karibu naye nikimpa uji wa baridi kwa kijiko.

"Mimi nilifanya vile mlisema," akaniambia.

"Ulifanya, Kukhu. Ni soko tu si moja."

"Mm. Nilihama na siku yenu." Akaangalia vidole vyake. "Na mikono je? Itarudi vile?"

Nikampa kijiko kingine.

Damu ilipanda polepole. Vidonda vikapona, vidole navyo vikaanza kuvimba tena, na Ofisa alipotosheka akarudisha dawa, kidogo kuliko mwanzo.

"Sasa tuchague siku," akasema.

"Kanisa," akajibu Kukhu.

"Kanisa lenu ni siku ngapi?"

"Jumapili. Na Jumatano ya akina mama. Na Ijumaa kuna maombi..."

Wodi nzima ikacheka, na yeye pia. Tukaandika Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ya Endebess ndiyo hiyo hiyo ya Malakisi. Tangu hapo kliniki yetu huuliza siku kwa jina lake, na humuuliza mgonjwa kama amehama.

Nanyi ulizeni hivyo. Mimi naota kuingia chuo cha uuguzi, na nitaingia, lakini hata nikifika huko sidhani nitajifunza kitu kikubwa kuliko swali hilo.

Siku yangu ya mwisho Kukhu alikuja na maziwa kwenye chupa, ya Maua, aliyokamua mwenyewe. Akaninyooshea mkono. Nikarudi nyuma.

"Kukhu, si unajua hapa hatusalimii kwa mkono."

"Hiyo ni sheria ya wafanyakazi," akasema. "Wewe si ati umestaafu?"

Nikampa mkono. Akaufinya, akaendelea kuufinya, na safari hii aliyefunga macho ni mimi.