Siku ya E-Pokot

Juzi, katika mkutano wa ofisi hapa Lodwar, bosi wetu alikohoa kidogo, akasema uamuzi tuliofikia ulikuwa "epochal". Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi niligeuka kutazama mlango. Mvi zimeanza kunitembelea na mwanangu mkubwa ananizidi kimo, lakini neno hilo likinigonga sikio, bado nahesabu milango. Acha nikueleze lilikotoka, na ukicheka sitakulaumu.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nikisoma darasa la tatu Kakuma. Mwalimu wetu mkuu alipenda Kiingereza kigumu kama wengine wanavyopenda nyama. Jioni moja, tukiwa mstarini, alipanda juu ya jiwe lake akatangaza, "Tomorrow will be an epochal day." Kwa Kiswahili aliongeza tu kwamba kila mtoto aoge vizuri, avae sare safi, na asithubutu kubaki nyumbani.

Sasa, masikio yetu ya Kiturkana yamezoea maneno yanayoanza na e. Hata salamu yetu ni ejok. Mimi nilichosikia ni e-Pokot. Kesho ni siku ya Pokot! Na miaka hiyo jina hilo la majirani zetu lilitajwa kwetu kwa sauti ya chini, pamoja na habari za mifugo iliyochukuliwa na watu waliozikwa huko kusini, upande wa Kainuk. Kwamba na wao walilitaja jina letu vivyo hivyo, hakuna aliyewahi kuniambia. Kilichonitatiza ni kuoga. Mtu anaoga vipi ili avamiwe? Nikakata shauri kwamba ni kwa sababu ya mazishi.

Nilimnong'oneza Achol, niliyekaa naye dawati moja. Yeye na mama yake walikuwa wamekimbia vita Sudan. Hakulia wala hakubisha. Aliinama, akakaza kamba za viatu, akauliza, "Watakuja upande gani?"

Watokee wapi kama si barabara ya Kitale, kupitia Kainuk? Na baba yangu, dereva wa lori, alikuwa katika barabara hiyohiyo, ametumwa Kitale kuchukua mzigo wa shule.

Nilifika nyumbani mbio. Mama alikuwa anasonga ugali. Nikamwambia mwalimu mkuu amesema, tena kwa Kiingereza, kwamba kesho ni Pokot. Mama hakujua Kiingereza. Alikiamini tu, kama mtu anavyoamini sindano. Mwiko ulisimama. Kisha akaendelea kusonga, akasonga hadi ugali ukawa tofali, na hakuna aliyeugusa. Alilala na viatu miguuni, nami nimeng'ang'ania nguo yake.

Asubuhi nilimsihi nisiende shule. Alikataa, akanisindikiza mwenyewe, kwa kuwa lori likija lingefikia huko. Tukasimama langoni pamoja na wazazi wengine, sisi watoto tumeoga na kung'aa mafuta. Jua lilipanda, barabara ikabaki tupu. Nilimwomba Mungu amlinde baba, kwa Kiturkana kwanza, halafu nikarudia kwa Kiswahili asije akasema hakuelewa. Mama alinishika mkono kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi, na sikuthubutu kumwambia aulegeze.

Mchana ndipo tukasikia honi niliyoijua. Lori lilisimama, baba akashuka, vumbi tupu, lakini mzima. Nilikuwa nimeanza kumkimbilia wakati mlango wa pili ulipofunguka, akashuka mwanamume mwembamba aliyekumbatia mfuko wa spana.

Baba alimtazama mama, akasema kwa sauti ili kila mtu asikie, "Huyu ni fundi wa pampu. Ni Mpokot, nimemtoa Kainuk, na ni mgeni wangu. Mama Nakiru, mpatie maji."

Nilipiga kelele, nikajificha nyuma ya mama. Mwalimu alikuwa amesema kweli! Mama alisimama kidogo, kisha akachota maji kwa kikombe cha baba mwenyewe, akampelekea. Yule fundi alikipokea kwa mikono miwili, akanywa mgongo ukiwa umeegemea lori, na mikono ilitetemeka hadi maji yakamlowesha shati. Nilidhani anatetemeka kwa hasira.

Jioni ile maji yalitoka shuleni kwa mara ya kwanza, na mwalimu mkuu akalirudia neno lake huku viatu vyake vikilowa. Kesho yake baba alimrudisha fundi Kainuk, kama alivyokuwa amemwahidi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa sekondari hapa Lodwar, nililikuta neno lile kwenye kamusi: jambo kubwa linalofungua zama mpya. Nilicheka peke yangu. Likizo nikamsimulia baba, naye akacheka hadi akajifuta macho. Akaniambia kwamba tangu mji wa Kalemng'orok, mbele ya Kainuk, fundi yule hakutamka neno, na walipoliona lango la shule kwa mbali, limejaa watu waliosimama kimya, alishika mlango wa lori akamuuliza, "Watakuja upande gani?"

Baba hakumjua Achol, wala sikuwa nimemtaja. Maneno ni yaleyale. Na safari hii, waliokuwa wakiogopwa ni sisi, watoto tuliooga.