Chumba Ambacho Mume Wangu Haingii

Mume wangu alipovuta karatasi ya mtihani na kukuta jina la mama yangu, alirudi nyumbani akakaa kwenye kigoda bila kuvua viatu. Nikadhani kuna msiba. Aliponieleza, nilicheka mpaka nikashika ukuta, kisha kicheko kikaniishia, maana na mimi niliona alichokiona yeye.

Alikuwa anamalizia mafunzo ya kufunga umeme wa sola katika kituo cha ufundi kule Kharumwa. Kabla ya hapo alikuwa mchimbaji, anashuka kwa kamba kwenye mashimo ya dhahabu, na siku zote alizokuwa chini mimi sikuweza kula nikashiba. Kituo kilisema wazi: atakayefaulu mtihani wa vitendo anapewa cheti na sanduku la vifaa. Atakayefeli anaondoka mikono mitupu, na kwa mume wangu mikono mitupu maana yake ilikuwa kurudi kwenye kamba. Mtihani wenyewe ulikuwa kufunga sola kwenye nyumba ya mzee mmoja wa kijijini, kuanzia paneli mpaka taa ya mwisho. Mwenyekiti wa kijiji alileta majina ya wazee, yakakunjwa, wanafunzi wakavuta.

Sisi Wasukuma, mkwe ni mkwe. Mume wangu na mama yangu huamkiana kwa mbali, macho chini, na chumba anacholala mama mkwe, mwanamume hakikanyagi hata kama nyumba inaungua. Nyumba ya mama ina vyumba viwili tu, na kimoja ndicho hicho.

"Omba kubadilishana na mwenzako," nikamwambia.

"Nikibadilisha, watu watasema nimekataa kumwekea mama taa. Na yeye mwenyewe atanionaje?"

Baadaye nikasema, "Basi chumbani nitaingia mimi. Wewe utanielekeza ukiwa nje."

"Wewe hujui hata bisibisi inashikwaje."

Alisema kweli, lakini ilinichoma, na nadhani siku ya mtihani nilikwenda kwa mama nikiwa nusu nimemhurumia na nusu nataka kumwonyesha.

Paneli juu ya bati, betri, na taa ya sebuleni alifunga mwenyewe, kazi safi. Kisha akatoka akasimama chini ya kidirisha cha chumba, ameupa ukuta mgongo ili macho yasipotee njia. Mimi nikapanda juu ya kinu tulichokigeuza. Mama alikataa kutoka. Alikaa kitandani kusimamia, akaagiza swichi iwekwe karibu na mto ili asilazimike kuamka. Nikapeleka agizo dirishani, nalo likapokelewa bila ubishi.

"Menya ganda la waya kidogo, kama ukucha," alisema mume wangu.

"Nimemenya kama kidole."

"Sawa. Kata, uanze tena, mke wangu."

Nyumbani kwetu neno hilo lingekuja kwa sauti nyingine kabisa. Lakini mama alikuwa anasikia kila kitu, kwa hiyo kwa saa nzima nilielekezwa kwa adabu ambayo sikuwahi kuipata tangu niolewe. Nikaharibu waya mara tatu, nikadondosha skrubu chini ya kitanda, na hakuna aliyenifokea. Taa ilipowaka, mama alitazama juu, akaona utando wa buibui kwenye kona zote, akaniagiza ufagio kabla hajasema asante.

Mtahini alifika mchana. Alikuwa mwalimu wa kike, mwenyeji wa pwani, amevaa ovaroli na viatu vya kazi. Alikagua paneli, akavuta nyaya za sebuleni, akaridhika. Kisha akauliza, "Na chumbani umefunga mwenyewe?"

Mimi nilishafungua mdomo niseme ndiyo. Mume wangu akaniwahi. "Hapana, mwalimu. Kafunga mke wangu. Mimi siingii chumba cha mama."

Nilimchukia kwa dakika nzima. Miezi yote ile ya kuamka alfajiri, halafu anaitupa kwa sentensi moja.

Mwalimu alitazama karatasi yake. "Hapa pameandikwa mwanafunzi afunge mwenyewe," alisema. Halafu akamwamkia mama, akaomba ruhusa, akaingia chumbani peke yake na kushusha pazia. Alipotoka alikuwa anajifuta mikono, akamgeukia mume wangu. "Taa ya chumbani haiwaki. Fundi ni wewe. Itengeneze bila kuingia."

Mume wangu akarudi chini ya dirisha, mimi nikarudi chumbani.

"Ya sebuleni inawaka?" aliuliza.

"Inawaka."

"Basi betri ni nzima. Zima swichi ya hapo kwanza. Umezima?"

Nilikuwa sijazima. Nikazima. Nikasikia kalamu ya mwalimu ikiandika.

"Fungua kifuniko cha swichi. Vuta nyaya taratibu. Zimekaza?"

"Zimekaza."

"Nenda kwenye taa yenyewe. Waya mwekundu uko upande wa alama gani?"

Nikapanda juu ya kinu, nikasogeza uso karibu. "Alama ya kutoa."

Nje alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyepata kitu chake. "Mwalimu amezigeuza nyaya. Mwekundu uende kwenye kujumlisha. Kaza, washa."

Nikakaza, nikawasha, chumba kikajaa mwanga, na mama akapiga vigelegele pale pale kitandani. Mwalimu aliandika kwa muda mrefu mno. Mwishowe akamwambia mume wangu, "Kugundua kosa bila kuliona, hilo wengi wanashindwa hata wakiwa ndani. Umefaulu." Nililia mbele ya wote, sikujali, nikalia kwa furaha kama mtoto.

Mwalimu akanigeukia. "Na wewe umesoma wapi?"

"Hapa, leo."

"Masomo mapya yanaanza baada ya mavuno. Njoo uandikishwe."

Nikasema nina watoto watatu, nani atabaki nao. Sikutegemea jibu, maana mume wangu hajawahi kubandika hata sufuria ya chai. Lakini yeye, akiwa bado ameupa ukuta mgongo, akasema, "Nitabaki nao mimi asubuhi. Kazi zangu nitafanya mchana."

Asubuhi niliyoanza darasa nilimwacha anapuliza moto, amejifunga kanga yangu kiunoni, na hakuniuliza chochote ila chumvi naiweka wapi.