Dada Alipohojiwa Kazi ya Ramani ya Mifugo

Leo dada yangu alihojiwa kwa video hapa nyumbani Burat. Kazi ni kuongoza wataalamu wa kompyuta watakaotengeneza ramani kubwa ya mifugo ya kaunti nzima. Nilijibanza nyuma ya mlango, nikiogopa hata kukohoa.

Mkubwa wa waliomhoji akamuuliza, “Utajuaje kila boma lina ng'ombe wangapi?”

“Sitauliza,” dada akajibu. “Huku mfugaji haulizwi idadi ya mifugo wake; ni mwiko. Hata baba hajawahi kuniambia! Nitauliza ng'ombe wanakunywa maji wapi, kila baada ya siku ngapi. Hayo ndiyo ramani itakayoonyesha.”

Kisha mkubwa akacheka. “Wenzako wote walisema watahesabu. Anza Jumatatu, madam.”

Nilitoka mbio nikamkumbatia, mimi ninayesalimia wageni nikiangalia chini. Kamera ilikuwa bado inawaka, na sikujali.